Tupeane uzoefu: Nani lalamiko lake lilifungwa kwa kuwa "hakufuatilia"?

Wakuu, habari za jioni. Shemeji yangu wa Mbagala kapokea barua kuwa jalada lake la kupigwa akiwa mahabusu limefungwa, eti hakuonesha nia ya kuendelea. Nia anayo sana. Alichokosa ni nauli, na simu iliyoibiwa kwenye daladala. Kwa hiyo sitaki visa vya waliosikilizwa wakashindwa, hao wana uzi wao. Nataka yale yaliyofia masjala bila mtu kuuliza kama ni kweli au uongo. Lako lilikwamia wapi? Kuna aliyewahi kulirudisha? Ofisi na majina tusitaje.

Mama wa Kibada
Niliachishwa kazi hotelini nikiwa mjamzito. Nikapeleka lalamiko mwenyewe, wakanipokea vizuri tu. Nilipojifungua nikaenda kwa mama Chalinze mpaka mtoto apate nguvu. Laini ikafungwa kwa kutotumika. Wito ukapelekwa kwa mwenye nyumba wangu wa zamani Tandika, naye akauweka juu ya kabati la vyombo. Simlaumu, bibi wa watu hajui kusoma. Nayemlaumu ni aliyeandika "mlalamikaji hapatikani" wakati namba ya dada yangu ilikuwa pale pale chini ya yangu. Hakupigiwa hata mara moja, nilimuuliza.

Dereva wa Kimara
Langu lilikuwa mgogoro wa kazi, CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), ila ugonjwa ni uleule. Ukiachishwa kazi una siku 30 tu za kupeleka mgogoro, na mimi niliwahi. Siku ya usuluhishi mvua ikapiga usiku kucha, Jangwani hapapitiki, mwendokasi umesimama. Nafika, mgogoro umeshafutwa kwa kutohudhuria. Msaidizi wa kisheria akaniambia nisianze upya, siku 30 zingenitoa nje. Niombe urejeshwe, kwa hati ya kiapo inayoeleza sababu, tena harakaharaka. Nikaambatanisha tangazo la kusimama kwa mabasi la siku ile. Ukarejeshwa. Mwajiri alinuna!

Msaidizi wa Kisheria, Temeke
Pole dada, hongera dereva. Watu wengi wakishakabidhi lalamiko wanadhani litajiendesha kama kesi ya jinai. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ile ya Ibara ya 129 ya Katiba na Sheria Na. 7 ya 2001, inapokea malalamiko bure na huhitaji wakili. Lakini maelezo zaidi, vielelezo na mashahidi wataviomba kwako. Usipojibu, jalada linakaa, mwisho linafungwa. Si sisi peke yetu: hata Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, kanuni zake za 2020 zinairuhusu kuliondoa shauri ambalo mwenyewe haliendeshi ndani ya muda aliopewa.
Kwa hiyo acha namba mbili, moja ya mtu asiyehamahama. Ukihama, peleka barua yenye namba ya jalada, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri ni neno lako dhidi ya karani.

Mzee wa Mtoni
Mnaongelea simu na mvua tu. Wengine tunanyamazishwa. Jirani yangu alifuatwa nyumbani kwake na yule yule aliyemlalamikia, na bahasha na sukari, na neno moja la kumkumbusha kuwa ana watoto wanaosoma. Hakwenda tena. Jaladani panasomeka hakufuatilia. Hapo muhuri utamsaidia nini?

Msaidizi wa Kisheria, Temeke
Shikamoo mzee. Muhuri haumsaidii, kweli. Vitisho navyo viandikwe viingie jaladani kabla halijafungwa, na kama anaogopa kwenda, mtu mwingine apeleke kwa niaba yake. Anayekwenda ofisini si lazima awe yeye.

Mama wa Kibada
Msaidizi, na mimi naweza kuomba langu lifunguliwe? Mtoto sasa anatembea.

Msaidizi wa Kisheria, Temeke
Omba. Ambatanisha kadi ya kliniki ya Chalinze, tarehe zake zinaonesha ulikuwa wapi wito ulipotumwa. Na itaje ile namba ya dada yako. Wakikataa, waombe sababu kwa maandishi.