Bega linauma tangu msimu wa karafuu, sitaki kupasuliwa

Mchumaji wa Wete:
Assalaam alaykum. Nikinyoosha mkono kuvuta tawi, au hata nikivua kanzu, bega la kulia kama nachomwa msumari. Usiku silalii upande huo. Nimeambiwa kano imechoka, haijakatika. Waliopona bila kisu walifanyaje?

Fundi wa madau, Nungwi:
Waalaykum salaam ndugu yangu. Mimi randa iliniumiza mwaka mzima, na kilichonitoa ni mazoezi. Nilikata mpira wa ndani wa baskeli nikaufunga kwenye komeo la mlango. Kiwiko nakibana ubavuni, katikati kitambaa kilichokunjwa. Nauvuta mkono nje polepole, naurudisha polepole zaidi. Mara 15, kisha napumzika, mizunguko 3, siku moja naacha moja. Maumivu kidogo nilivumilia. Yakifika asubuhi ya pili, napunguza. Wiki sita sikuona kitu, wallahi nilitaka kuacha. Mwezi wa tatu nikalala upande wa kulia. Usilifunge tu bega ukaliacha, litakakamaa.

Bibi wa Chake:
Mwanangu, mimi nilichomwa sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Raha ya wiki chache, yakarudi. Daktari akakataa kurudia rudia, hudhoofisha kano. Na ibuprofeni, ile dawa ya maumivu, usiile kila siku, inaweza kukutia vidonda vya tumbo.

Mchumaji wa Wete:
Ahsante bibi. Mpira nimeshaupata. Nichume au niache?

Fundi wa madau, Nungwi:
Chuma matawi ya chini, mkono usipite bega. Ukishindwa kabisa kuunyanyua, au ukiingia ganzi, rudi hospitali siku hiyo hiyo.