Je, picha za milima zatosha kumtambulisha Mbaski?

Ndugu wanajamvi,

Mwenzetu aliyefungua mjadala huu anashikilia kwamba utambulisho wa Wabaski, wanaoishi pande zote mbili za mpaka wa Hispania na Ufaransa, umo katika mandhari yao, na kwamba mpiga picha akipata ukungu, malisho ya kondoo na nyumba za kale za wakulima ziitwazo baserri, amekwisha kuwaeleza watu hao. Nakubaliana naye kwa sehemu tu.

Chukueni picha ya kawaida ya Gipuzkoa, jimbo la Wabaski upande wa Hispania: mteremko, nyumba ya mawe yenye paa pana, na nyuma yake msitu wa kijani kilichokolea. Ukiusogelea msitu huo utaona miti imesimama kwa mistari, yote ya rika moja. Mara nyingi ni misonobari yenye asili ya California, iliyopandwa kwa ajili ya mbao na karatasi, nayo ikikomaa hukatwa yote kwa mpigo, mlima ukabaki udongo mtupu. Mwaloni, mti ambao watawala wa jimbo jirani la Bizkaia waliapa chini yake katika mji wa Gernika kwamba wataheshimu sheria za wenyeji, haumo. Kijani tunachokisifia kuwa cha tangu na tangu ni cha biashara ya karne ya 20.

Wala picha hizo hazifiki Sestao, mji wa viwanda huko Bizkaia kando ya mto Nervión, ambako tanuru moja la chuma limeachwa kama kumbukumbu baada ya kiwanda kufungwa mwaka 1996. Riziki ya vizazi vizima ilitoka humo, si kwa kondoo.

Tena, kwa lugha yao Mbaski huitwa euskaldun, yaani mwenye Kibaski. Neno hilo halitaji damu wala ardhi, na lugha haipigwi picha.

Hata hivyo, mwenzetu ana hoja moja ambayo siwezi kuipangua, nayo ni majina ya ukoo. Etxeberria maana yake ni nyumba mpya, na Mendizabal ni mlima mpana. Kwa desturi ya zamani, watu waliitwa kwa jina la nyumba waliyokaa. Basi namuuliza: Etxeberria akipigwa picha kwenye roshani ya ghorofa huko Sestao, nyuma yake tanuru badala ya mlima, je, ataikubali hiyo kuwa mandhari ya Kibaski?