Makopo yamejaa stoo ya shule, mnunuzi kayakataa

mwalimu_wa_zamu
Habari wadau. Nafundisha shule ya msingi hapa Mwanza, bondeni karibu na mto Mirongo. Mvua ikipiga, taka za milimani zote zinapita kwetu kwenda ziwani. Tukaanzisha kukusanya makopo ya plastiki ya maji na soda: kila mtoto matano, kila Ijumaa. Fundi jirani akatuchomelea kizimba cha nondo bure, wazazi wakatoa viroba.

Sasa viroba 23 vimeziba stoo. Mnunuzi kaja na guta, kanyanyua kimoja kwa mkono mmoja, kacheka: "Mwalimu, hapa nabeba hewa." Mzani ukasoma kilo mbili na ushee. Akafungua kopo, likamwaga tope kwenye viatu vyake. Akaondoka. Mkuu anataka stoo yake, na kuchoma moto sitaki. Nifanyeje?

mama_wa_mwaloni
Pole mwalimu. Mimi naokota makopo Kirumba, ndiyo yamesomesha wanangu. Toa kizibo, mwaga maji, lilaze kopo ulikanyage kuanzia kitakoni kuja mdomoni, kisha rudisha kizibo upesi lisivute hewa. Ukilikanyaga limefungwa litakurusha tu.
Na hao watoto wasitumwe ufukweni. Wataingia majini kufuata makopo, na kichocho cha ziwa hili tunakijua.

kijana_wa_mashine
Mama kasema kweli, ila muulize kwanza mnunuzi kuhusu vizibo. Ni plastiki nyingine kabisa. Sisi tukishasaga tunamwaga kwenye pipa la maji: chenga za kopo zinazama, za kizibo zinaelea, tunaziengua juu kama povu la maharage. Asiye na pipa hataki vizibo. Meupe weka peke yake, ya kijani peke yake. Yaliyotiwa mafuta ya kula achana nayo, yanachafua mzigo mzima.

mzazi_mwenye_hasira
Mimi nina neno na hayo matano ya Ijumaa. Wangu kakosa la tano, kamwaga mafuta ya taa ya bibi yake apate kopo! Jirani yangu ananunua soda ambazo hakuzipanga. Hapo mnapunguza taka au mnaziongeza? Wekeni kiroba kwa mama ntilie na kwenye maduka, kila jioni kijazwe na wateja. Mwenyekiti wa mtaa akiombwa vizuri atawatangazia.

mwalimu_wa_zamu
Mzazi, nimekubali, matano nimeyafuta leo asubuhi. Bibi nampa pole, mafuta yake nitalipa.
Darasa la sita wamekanyaga tangu saa nane, kelele mpaka la saba wakafunga madirisha. Viroba vinne vimeingia kimoja, na bado kina nafasi. Yenye mafuta tumetoa kama thelathini hivi, moja lilikuwa na dagaa ndani, sijui wa lini.
Mama wa Mwaloni, huyo anayenunua kwako ana guta au kirikuu? Vizibo anachukua?