Povu la kupuliza, karatasi ya silva au rangi nyeupe? Ulinganisho kwa nyumba za bati ukanda wa pwani

mama_kibada (Kigamboni)

Wadau, habari za kazi. Nataka kufunga dari mwezi ujao, na dari ikishafungwa, kurudi juu ya kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) ni kubomoa na kuanza upya. Naomba tulijadili hili kwa undani kabla fundi hajaanza.

Nyumba ni ya vyumba vitatu, tofali za saruji za inchi 6, kenchi za mbao, bati la msauzi geji 28, rangi ya kahawia iliyokoza. Bati limeshapigwa. Kipindi hiki cha Kaskazi, ikifika saa tisa alasiri ukisimama sebuleni unalisikia joto likikushukia utosini, hata kama upepo wa baharini unapita dirishani vizuri kabisa. Asubuhi nakuta jambo jingine: upande wa chini wa bati umelowa, matone yanafuata misumari na kudondokea kwenye mbao.

Fundi wa kwanza anashauri povu la kupuliza, lile la poliyurethane linalovimba na kuganda chini ya bati. Wa pili anataka karatasi ya silva, ile ya alumini inayong'aa. Shemeji yangu anasema tupake bati rangi nyeupe, basi. Pamba ya kioo nayo nimeiona dukani. AC itakuwa chumba kimoja tu, cha mama yangu, ambaye ana presha na joto linamsumbua sana. Kwingine ni madirisha wazi na pangaboi. Kipi kinafaa?

fundi_kenchi (Mbezi)

Dada, hapo mwishoni umeshataja kitu kinachoamua yote: madirisha wazi na pangaboi. Nyumba ya namna hiyo haishindani na joto la hewa ya nje, maana hewa ya nje ndiyo unayoitaka iingie. Unachopigana nacho ni mnururisho wa bati, yaani joto linalokufikia kama miale bila kukugusa. Bati la kahawia jua likiwa kali hupita nyuzi 60, na linaumwaga huo moto chini kwenye dari, dari ikipata moto inakumwagia wewe. Ndiyo maana upepo unapita na bado kichwa kinawaka.

Silva inafanya kazi hapo hasa. Bati lililopakwa rangi hutoa karibu asilimia 90 ya mnururisho unaowezekana kwa joto lake. Alumini safi inayong'aa hutoa chini ya asilimia 5. Lakini sharti lake watu wengi hawalitimizi: lazima kuwe na nafasi ya hewa, angalau sentimita 2 na nusu upande unaong'aa. Nimeona nyumba karatasi imebanwa kabisa na bati, imegusana nalo kote. Hapo joto linapita kwa kugusana, umenunua urembo.

Kwako bati tayari lipo, kwa hiyo piga karatasi chini ya mbao za juu za kenchi kwa pini za stepla, ile nafasi ya papi (mbao nyembamba bati linapopigiliwa) na mbao ibaki wazi kati yake na bati. Upande unaong'aa uangalie chini kama ina upande mmoja tu, kwa sababu ukiangalia juu vumbi litaufunika. Halafu usiizibe kileleni. Acha uwazi chini ya kofia (bati la kufunika kilele) na matundu kwenye fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa), hewa ya moto ipande itoke, nyingine iingie kutoka chini.

Na hayo matone ya asubuhi ni jambo la kawaida. Usiku wa anga jeupe bati hupoa kuliko hewa yenyewe, na hewa yetu ina maji mengi. Hewa ikizunguka vizuri yanakauka kabla ya saa tatu.

houston_mbongo (Texas)

Niongeze upande wa povu, maana hapa Houston ndiyo kazi yangu ya kila siku na hali ya hewa ya kiangazi inafanana na Dar: joto, unyevu, bahari karibu.

Kwanza kuna mapovu mawili tofauti, na fundi asipokuambia anapuliza lipi, msimamishe. Povu laini, la vitundu wazi, ni jepesi, kama kilo 8 kwa mita ya ujazo, linapitisha mvuke. Povu gumu, la vitundu vilivyofungwa, lina kilo kama 30 au zaidi, na likifika unene wa sentimita 5 mvuke unapita kwa shida sana. Kwa kuzuia joto, sentimita 5 za povu gumu ni sawa na takriban sentimita 8 za pamba ya kioo. Povu laini halina tofauti kubwa na pamba, faida yake ni kwamba linaziba mianya.

Sasa kwa nini huku linapendwa? Nyumba za Texas zina AC ya nyumba nzima na mabomba yake ya hewa yanapita darini, yaani kwenye nafasi iliyo kati ya dari na paa. Ukiacha dari iwe moto, unapitisha hewa baridi kwenye tanuri. Kwa hiyo wanapuliza povu chini ya paa, wanaziba matundu yote, dari inakuwa sehemu ya nyumba. Ina maana kwa nyumba ya aina hiyo. Nyumba yako dada haina hayo mabomba na haijafungwa. Ukilipa povu, unalipia uwezo wa kuziba hewa wakati madirisha yako wazi usiku na mchana.

Hata huku limeleta shida zake. Povu laini chini ya mbao za paa: usiku mbao hufyonza unyevu kutoka hewa ya dari, mchana jua linausukuma utoke, na kwa kuwa hewa yenye mvuke ni nyepesi kuliko hewa kavu, unyevu unajikusanya kileleni. Ukipanda ukagusa mbao za kilele unakuta zimelowa wakati za chini ni kavu kabisa. Dawa yake ni kupeleka hewa kidogo ya AC darini au kuweka mashine ya kukausha hewa. Mtu aliyenunua povu ili apunguze bili anaishia kununua mashine nyingine.

Kisha usalama. Povu hutengenezwa papo hapo kwa kuchanganya kemikali mbili zilizopashwa moto. Moja ni isosayaneti, inayojulikana kwa kusababisha pumu kwa wanaoivuta. Mpulizaji anatakiwa avae barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira, siyo ile ya kitambaa. Wenye nyumba wanaondoka angalau saa 24. Mama mwenye presha asiwe karibu kabisa. Mchanganyiko ukikosea kipimo, povu linanywea na kuachana na mbao, na harufu kama ya samaki inabaki humo ndani muda mrefu. Povu gumu halipulizwi unene mkubwa kwa mara moja pia; linatoa joto lake lenyewe likiganda, na likizidi linaweza kuungua kwa ndani.

Na linawaka moto. Huku sheria za ujenzi zinataka lifunikwe, kwa kawaida kwa bodi ya jipsamu ya milimita 12 na nusu, ili moto uchelewe. Nyaya za umeme zilizofunikwa na povu hazipoi vizuri, kwa hiyo fundi umeme lazima azipunguzie mzigo.

pwani_nyali (Mombasa)

Mimi nipo na shemeji wa mama_kibada kwa hili la rangi. Jua letu linapita juu kabisa ya kichwa mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba, na siku nyingi za mwaka liko karibu na hapo. Paa ndilo linalopigwa, kuta zinapata kiasi tu. Sasa kuna njia gani bora kuliko kulirudisha jua angani kabla halijaingia? Rangi nyeupe nzuri ikiwa mpya hurudisha asilimia 70 hadi 80 ya jua. Mabati ya kahawia iliyokoza yanakula sehemu kubwa.

Lakini nisifiche: weupe huo haudumu. Kwangu kuna mwembe, na baada ya mvua za masika kuvu nyeusi inaanza kwenye mikunjo, upande unaochelewa kukauka. Rangi inataka kuoshwa, na baada ya miaka kadhaa inataka kupakwa tena. Ukipaka bila kuosha chumvi na mafuta ya bati kwanza, itabanduka vipande vipande. Mtu ambaye hajapiga bati bado anunue jeupe moja kwa moja kutoka kiwandani. Bei ni ileile, ni rangi tu unachagua, na bado naona watu wanachagua nyeusi kwa ajili ya picha.

Povu silitaki kwa sababu nyingine. Hapa chumvi inakula mabati. Likitoboka, povu gumu linaficha uvujaji, maji yanatembea juu ya povu na kutokea chumba kingine kabisa. Na ukitaka kubadilisha karatasi moja ya bati, inatoka na povu lake au haitoki.

abu_salim_muscat

Assalaam aleikum. Msilitupe povu lote ndugu zangu. Huku Ghuba linatumika sana, ila mahali pake ni juu ya paa la zege, upande wa nje. Linapulizwa juu ya zege tambarare, kisha linafunikwa kwa rangi maalumu ya mpira au kwa utando na tabaka la saruji. Bila kufunikwa, jua linaliharibu: linageuka njano, kisha kahawia, kisha unga. Zege likifunikwa namna hiyo halinyonyi joto la mchana, kwa hiyo halikurudishii usiku. Kwa wenye nyumba za zege Zanzibar au Mombasa hilo ni la kufikiria. Kwa bati, nakubaliana na fundi.

Mkinunua povu gumu, ulizeni gesi inayolivimbisha. Za zamani ni HFC (gesi zenye florini), ambazo nchi zilikubaliana Kigali Oktoba 2016 kuzipunguza kwa sababu zinapasha dunia joto mamia ya mara kuliko kaboni dioksidi. Yapo mapya yenye gesi nafuu.

mama_kibada (Kigamboni)

Nashukuru sana, nimeelewa kwa sebule na vyumba vingine. Chumba cha mama je? Huko nitafunga madirisha na kuwasha AC. Pamba ya kioo juu ya jipsamu inatosha?

houston_mbongo (Texas)

Hicho ndicho chumba cha kuhangaikia zaidi, dada, na pamba tupu haitoshi. Chukua usiku wa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Hewa hiyo inaanza kutoa maji ikigusa kitu chenye nyuzi 26. Ukiweka AC kwenye 22, jipsamu inapoa chini ya hapo, na pamba inapitisha hewa ya darini bila kizuizi. Maji yanatokea mgongoni mwa jipsamu, mahali usipopaona, na dalili ya kwanza ni duara la kahawia, kisha kuvu. Kwa mgonjwa hilo si jambo dogo.

Kizuizi cha mvuke kwenu kikae upande wa juu, upande wa hewa ya nje. Ukitandika nailoni chini ya pamba, kama wanavyofanya nchi za baridi, umekusanya maji juu ya dari. Tumia bodi ngumu za polistareni, zile zilizofinywa, sentimita 5, ulaze juu ya fremu ya dari, uzibe maungio yote kwa tepu na kandokando ya kuta kwa povu la kopo. Au pamba yenye karatasi ya alumini, alumini iangalie juu, maungio yafungwe kwa tepu ya alumini. Usitoboe dari hiyo kwa taa za kuzamisha. Weka taa ya ukutani. Na AC iwe 25 au 26 pamoja na feni. Mama atapata nafuu, luku itadumu, na dari itabaki kavu.

mzee_wa_leicester

Huku Uingereza hali ya hewa ni nyingine, lakini jambo la kuficha mbao ni hilohilo. Wapo wakopeshaji wa mikopo ya nyumba wanaoikataa nyumba yenye povu chini ya paa, kwa kuwa mkaguzi hawezi kuziona mbao. Watu wanalipa tena kulikwangua.

mama_kibada (Kigamboni)

Basi nimeamua. Silva nyumba nzima kwa maelekezo ya fundi_kenchi, bodi za polistareni juu ya chumba cha mama, na rangi nyeupe tutaipaka mwakani hela ikikaa sawa. Povu sichukui. Fundi, swali moja: nikiacha wazi chini ya kofia na kwenye fisha bodi, popo si watahamia? Jirani wamemjazia dari nzima.

fundi_kenchi (Mbezi)

Watahamia wiki hiyohiyo usipoweka nyavu. Chukua wavu wa alumini au chuma cha pua, tundu lisizidi milimita 6, usichukue ule wa mabati kwa sababu kwa chumvi ya Kigamboni utaoza mapema. Upigie kwa ndani ya fisha bodi, na kileleni uukunje ufuate mawimbi ya bati. Fanya hivyo kabla silva haijapanda, maana ikishapanda mkono haufiki kwenye kofia. Mwambie fundi wako akuonyeshe kilele kwa tochi kabla hajafunga karatasi ya mwisho.