Naomba ushauri: nataka kuona ubwiriunga wa mkorosho ndani ya jani kwa 3D, nianzie wapi?

BintiWaBamburi: Salaam aleikum wadau. Nafanya masta hapa Mombasa, kazi yangu ni ubwiriunga wa mikorosho, ule unga mweupe unaoshika majani machanga na maua mpaka yanakauka. Nataka kuona ukungu unavyoingia kwenye seli, umbo zima la pande tatu si picha bapa. Supavaiza anasema nitafute hadubini ya eksirei na pesa yenyewe ni ya kuungaunga. Hadubini ya maabara yetu naona nyuzi za juu tu, chini kote kijani tupu. Nisake hiyo mashine ama kuna njia nyingine?

MzeeWaMaabara: Waaleikum salaam dada. Kwanza jiulize kitu chako kiko kina gani. Ubwiriunga hukaa juu ya jani, kinachozama ni vinyonyaji vyake tu, yaani vijisehemu vya ukungu vya kufyonza chakula kwenye seli, na kwa kawaida huishia kwenye seli za ngozi ya jani, tabaka la kwanza kabisa. Eksirei ni tamu kwa mizizi ikiwa bado udongoni, au punje nzima, au mianya ya hewa ndani ya jani, maana inatofautisha kizito na chepesi, lakini kinyonyaji ndani ya seli ni maji ndani ya maji, hutakiona. Wewe tafuta konfokali, hadubini ya leza. Leza inapiga nukta moja moja na kitundu kidogo mbele ya kipokea mwanga kinazuia mwanga wa tabaka zilizo nje ya fokasi, unapata vipande vyembamba halafu kompyuta inavipanga. Kwa upana inafika kama mikroni 0.2 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kwa kina ni nusu mikroni na zaidi, kwa hivyo vitu vitaonekana vimevutika kwenda chini, usidhani ndio umbo lake.

PwaniBayo: Na ukijani utoe kabla! Klorofili ikipigwa leza inang'aa nyekundu yenyewe inafunika kila kitu. Loweka jani kwenye ethanoli mpaka liwe jeupe, lilainishe kwa potasiamu haidroksaidi, lioshe vizuri, kisha WGA, protini yenye rangi ya kijani, ishike kaitini ya kuta za ukungu na propidiamu ayodidi, rangi nyekundu, ishike kuta za seli za mmea. Hiyo ya pili vaa glavu, inashika DNA, hata yako.

ShambaKilifi: Dada ukija kuchuma chukua majani machanga ambayo unga ndio unaanza, na uulize mwenye shamba kama amepiga salfa, dawa ya kuua ukungu huo, mikorosho iliyopigwa waachie.

BintiWaBamburi: Shukran sana jamani, mmenifungua macho. Sasa konfokali yenyewe je? Na programu ya kupanga picha nalipia?

MzeeWaMaabara: Jani likishafiksiwa, yaani kuwekwa dawa lisiharibike, linasafiri vizuri, waandikie ILRI (taasisi ya utafiti wa mifugo) na icipe (ya utafiti wa wadudu) kule Nairobi uulize kama wana nafasi na saa moja ni pesa ngapi. Programu ya kupanga picha chukua inayoitwa Fiji, ni ya bure. Ila faili hifadhi zile ghafi za mashine, ukigeuza JPEG vipimo vya kina vinapotea na hapo huwezi kupima kinyonyaji tena.