Mrejesho: Hotuba ya malaria kwa wazazi

Ndugu zangu, niliomba ushauri wa kupanga hotuba ya kuwaelimisha wazazi wa shule yetu kuhusu malaria, na sasa nimeshaitoa, nawashukuru nyote. Nilifuata rai ya kubakiza hoja tatu, yaani mbu, chandarua na dalili za hatari, na ya kuanza kwa kuuliza mbu huyo huuma saa ngapi. Ukumbi ulichangamka, kwani wengi walitaja jioni tu, ilhali anofelesi jike, yaani mbu anayeeneza malaria, huuma hadi alfajiri. Kadi zenye maneno machache zilinifaa kuliko karatasi ya kusoma. Dalili, hata hivyo, zilibanwa na maswali kuhusu vyandarua vinavyotobolewa na panya, kwa hiyo atakayefuata azitangulize, hasa degedege.