Lakrosi: kwa nini Wakanada hawachezi kama Wamarekani, na skuli tuanze na mtindo upi?

Maalim_Wete
Assalamu alaykum. Nikiangalia mechi za lakrosi za wanaume, mchezo wa kurusha na kudaka mpira kwa fimbo yenye wavu, naona Wamarekani wanahamisha fimbo mkono wa kulia na kushoto kila mara, lakini Wakanada wengi wanang'ang'ania mkono mmoja na bado wanafunga. Wajapani ndio hawatulii kabisa, pasi juu ya pasi. Kwani sheria si moja? Na watoto wa kidato cha pili, wanaojua mpira wa mikono tu, waanzie wapi?

Beki_Maisara
Waalaykumu salaam Maalim. Tofauti imetokana na kiwanja walichokulia. Mkanada hukulia ndani, kwenye ukumbi wa mchezo wa barafu, barafu ikishaondolewa kiangazi. Ni kama mita 61 kwa 26, umezungushiwa mbao, wachezaji 5 na kipa. Goli ni mita 1.22 tu, na kipa kavaa mapedi mpaka goli halionekani. Sekunde 30 uwe umeshapiga. Pahala pa kukimbia hapana, basi watu hupangwa kwa mikono: wa kushoto anasimama upande wa kulia wa uwanja, wa kulia upande wa kushoto, ili fimbo ielekee katikati daima. Mabao yanatoka kwa mwenzako kumziba mkabaji wako, wewe ukazunguka, ukamdanganya kipa mara mbili tatu kabla ya kuachia.

Mmarekani yuko nje, kama mita 100 kwa 55, 10 kwa 10, goli mita 1.83 kila upande. Mabeki wake wana fimbo ndefu zinazofika mita 1.83 nazo, na sheria inawaruhusu kuigonga fimbo yako. Ukiwa na mkono mmoja tu beki ameshajua aigonge wapi. Ndiyo sababu ya kubadilisha. Tena wanapenda kuanzia shambulizi nyuma ya goli, maana kule mpira unaendelea, haujatoka.

Yakhe_Chake
Msiwasahau wenye mchezo wao jamani. Haudenosaunee, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, wana timu yao ya taifa na walichukua shaba ya dunia 2014, 2018 na 2023. Nao ni watu wa ukumbini. Pasi za nyuma ya mgongo kwao si mbwembwe, ni njia ya kutoa mpira ukiwa umebanwa ubavu.

Kuhusu skuli, mimi nasema mtindo wa Kikanada. Olimpiki ya Los Angeles 2028 itachezwa lakrosi ya watu 6 kwa 6, kipa ndani yake, kiwanja mita 70 kwa 36, robo nne za dakika 8, sekunde 30 kupiga. Fimbo ndefu za mabeki hazimo! Sababu ya Mmarekani imeondoka. Michezo ya Dunia 2022, Birmingham ya Alabama, Kanada ilimchapa Mmarekani fainali, Japani ikapata shaba kwa mbio zake.

Beki_Maisara
Kwa timu ya taifa sawa, kwa mtoto hapana. Ukimzoesha mkono mmoja mapema hautoki tena. Mikono yote miwili, dakika 10 kila siku za kurusha mpira ukutani na kuudaka, mita 4 mpaka 5 kutoka ukutani.

Tatizo la kwanza litakuwa kudaka. Wataupiga mpira kwa fimbo, nao utaruka nje. Waambie waurudishe wavu nyuma mpira unapoingia, kama mtu anadaka yai. Wavu mpya huwa umekaza. Legeza kamba, lakini ukitazama kwa ubavu, mpira ukizama wote chini ya ukingo wa fimbo, fimbo hiyo si halali. Mpira ni wa raba ngumu, gramu 142 hadi 149. Bila kofia na kinga ya mdomo tumia wa tenisi.

Na mchangani usifundishe mashuti ya kudundisha. Haudundi.

Yakhe_Chake
Hapo kwenye yai nakubali. Jengine: 6 kwa 6 bao likiingia kipa anaanzisha papo hapo. Wanaosherehekea hufungwa.

Maalim_Wete
Ahsanteni. Uwanja wetu wa mpira ni mita 105 kwa 68. Nilitaka kukata viwanja viwili vya 6 kwa 6 kwa upana.

Beki_Maisara
Upana wenu wa 68 umepungua mita 2 kufika urefu wa 70. Kwa mazoezi haidhuru, kwa mechi chora kimoja kwa urefu.